Barua Nzuri ya Mpangaji Mbaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ofisi ilikuwa ikifunguliwa saa mbili. Niliogopa kuchelewa. Nilisimama kwenye ngazi za jengo moja katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Mtaa wa Biashara, bahasha ya vyeti nimeikumbatia kifuani, na kila aliyepanda alinitazama kana kwamba nimekuja kuiba balbu. Ndivyo nilivyo. Nimezaliwa Mombasa kwa watu wasio na haraka, lakini mimi mwenyewe niliumbwa na wasiwasi, nikaenda kuchagua kazi ya kupangisha nyumba za watu, kazi isiyo na siku hata moja ya utulivu.

Aliyenipokea ni Karani Mkuu, mzee wa suti moja na tai mbili. Alinipa shada la funguo. Kila ufunguo ulikuwa na kibati chenye namba tu, bila anwani, ili ukiuangusha njiani atakayeuokota asijue ni wa mlango gani. "Hii ni mlango ya mtu, dada," akaniambia. "Ukipoteza, kuna mtu hatalala."

Miaka ya kwanza, kabla ya kutoka kwenda choo, nilizihesabu funguo zile. Nikirudi, nazihesabu tena.

Karani Mkuu ndiye aliyenifundisha kuonyesha nyumba. Fungua mlango, kisha rudi nyuma, mwache mgeni atangulie, nawe uangalie macho yake. Anayeinua macho darini aliwahi kuvujiwa. Anayekimbilia jikoni ana watoto. Anayesimama dirishani kutazama jirani amehama kwa sababu ya jirani. Vijana wa siku hizi wanaonyesha nyumba kwa video ya simu, na sitawacheka, kwa maana inaokoa miguu. Ila simu inaangalia nyumba, haimwangalii mgeni.

Makaratasi yetu yalikuwa matatu. Hati ya upangaji, yaani mkataba wenyewe. Orodha ya makabidhiano, ambamo tuliandika hali ya kila kitu siku ya kukabidhi ufunguo, hadi ufa wa sinki. Na barua ya mwenendo, ambayo mpangaji aliipata kwa mwenye nyumba wa zamani au wakala wake ili kumwonyesha mwenye nyumba mpya kwamba yeye ni mtu wa kukaa naye. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Baada ya Karani Mkuu kustaafu nilihamishiwa chini ya Meneja wa Upangishaji, bwana mwembamba aliyemumunya peremende kutwa nzima na hakupenda kusikia neno "tatizo". Wakati huo ndipo alipokuja Bwana Edgar. Alikuwa nadhifu, msemaji mzuri, mwenye kukumbuka jina lako mara ya kwanza. Nilimpeleka kuona nyumba mtaa wa Kilimani, moja ya zile za zamani zilizokuwa bado hazijamezwa na maghorofa. Nilifungua mlango nikarudi nyuma kama nilivyofunzwa. Hakutazama dari wala jiko. Alishika kitasa, akakizungusha, akakagua kufuli, akaenda mlango wa nyuma akafanya vilevile. Nilidhani ni mtu mwenye kujali usalama. Nikamsifu hata kwa Meneja.

Nyumba ile ilikuwa ya kaka na dada, wazee wawili waliorithi kwa wazazi wao. Dada alikuwa mgonjwa, wakahamia kwa mpwa wao karibu na hospitali, wakapangisha kwa mwaka mmoja tu. Mwaka ulipokwisha Bwana Edgar alikuwa ameshabadilisha kufuli zote. Tukienda kukagua, geti halifunguliwi. Tulipompa notisi alikwenda kortini akarudi na zuio, yaani amri ya kumkataza mwenye nyumba kumgusa mpangaji hadi kesi isikilizwe. Na kesi, kila ikifika siku yake, iliahirishwa. Mara wakili wake anaumwa, mara faili haionekani. Mwaka wa pili wa kesi ukapita. Wa tatu ukaanza.

Yule dada alikuja ofisini kila Jumatatu. Alikaa kwenye kiti kilichotazamana na meza yangu, mkoba mapajani, akaniuliza swali lilelile. "Ametoka?"

"Bado, mama."

"Haya. Nitarudi."

Nilifika mahali nikaichukia Jumatatu. Nikisikia fimbo yake kwenye ngazi, nafungua faili lolote nijifanye nina kazi.

Kisha Jumatatu tatu zikapita bila yeye kuja, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Ndani ya majuma hayohayo Bwana Edgar akaleta ujumbe kwamba yuko tayari kuondoka kwa hiari, kesi aifute, ila apewe barua nzuri ya mwenendo. Meneja aliniita.

"Zuhura, mwandikie."

"Niandike nini, bwana? Huyu mtu si..."

"Andika ni mpangaji mtulivu, alitunza nyumba, hatuna malalamiko. Akitoka atakuwa shida ya mtu mwingine. Kwani wewe umewekwa uchunge Nairobi nzima?"

Msidhani ilikuwa ajabu. Ofisi nyingi nilizozijua zilifanya hivyo. Sisi tuliiita barua ya kusindikiza, na tulicheka tulipoitaja. Mpangaji mzuri ulimwandikia mistari miwili kwa haraka, lakini aliyekutoa roho ulimpamba ukurasa mzima, ili aende, na aende mbali. Nikaandika. Nikatia sahihi na muhuri. Ningesema niliona haya ningekuwa naongeza uongo mwingine, kwa sababu nilichoona ni raha. Nilikunywa chai siku hiyo na chai ilikuwa tamu.

Bwana Edgar alitoka Jumamosi. Jumatatu kaka alikuja kuchukua ufunguo, peke yake. Nikamuuliza dada yuko wapi. Alisema wamemzika wiki iliyopita, kwa mpwa wao ndiko alikofia, na siku za mwisho alikuwa akiomba apelekwe nyumbani. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akasema asante. Sikujua pa kuiweka asante ile.

Nilihama ofisi ile baada ya miaka kadhaa. Nikapata kazi kwenye kampuni ndogo karibu na maduka ya Adams Arcade, chini ya Mkurugenzi ambaye angeweza kuwa binti yangu, mwepesi wa miguu na wa maneno, simu sikioni, na akiniita Auntie mbele ya wateja. Kazi yetu kubwa ilikuwa mitaa ya zamani ya pale nyuma, nyumba za mawe za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zenye vigae vyekundu, bomba la moshi, na ua wa miiba ya kayaba uliokatwa sawasawa. Mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba geti la nyumba ya nne likifunguliwa unalisikia.

Mmoja wa wateja wetu alikuwa Mama Selina, mjane, muuguzi mstaafu kutoka upande wa Kakamega. Nilipomwamkia shikamoo alicheka. "Marahaba. Nyinyi watu wa pwani mnatuzeesha bure." Alitaka kupangisha nyumba kubwa, yeye ahamie nyumba ndogo ya uani, ile Wanairobi wanaiita SQ. Kodi ingemlipia dawa za presha na sukari. Aliniongoza chumba kwa chumba, akigusa ukuta kila alipopita. Sakafu ya vipande vya mbao aliisugua mwenyewe akiwa amepiga magoti.

"Sitaki mtu tajiri," akasema. "Nataka mtu mtulivu. Tutatumia geti moja, na mimi niko peke yangu hapa. Ukiniletea mtu mbaya, nitaenda wapi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi, kati ya watu wote.

Jumatano Mkurugenzi aliniwekea faili mezani, uso umemng'aa. "Auntie, Mama Selina amepata mtu. Ako na letter safi sana, na guess what, ilitoka kwa ofisi yenu ya town. Ni wewe ulisign. Hata hatuhitaji kupiga simu. Ijumaa wanasign lease."

Nilifungua faili. Nakala ya barua yangu. Mpangaji mtulivu. Alitunza nyumba. Hatuna malalamiko. Chini, sahihi yangu, na jina kamili kwa herufi kubwa. Nilisema nakwenda msalani, nikakaa humo hadi mtu akagonga.

Mbinu za mwoga nilizijaribu zote. Kwanza nililalia faili, nikasema kuna karatasi imekosekana. Mkurugenzi akaipata kwa dakika moja. Kisha nikapendekeza mwombaji mwingine, mwalimu wa madrasa mjini, mwenye mke na watoto wawili, watu wa Lamu.

Mkurugenzi alishusha simu akanitazama. "Auntie, usiniletee hiyo mambo. Ati kwa sababu ni watu wa kwenu? Huyu Edgar ako na shida gani?"

Nikisema Edgar ni mbaya, ataniuliza barua je. Nikisema barua ni ya uongo, nimejifukuza kazi, na nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Alhamisi nilipita nyumbani kwa Mama Selina nikiwa na kisingizio cha orodha ya makabidhiano, nikiwa nimeazimia kumwambia, nikamkuta anahamisha picha za marehemu mumewe kwenda SQ kwa toroli. Nikamsaidia kusukuma. Nikaondoka bila kusema.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikutana sebuleni kwake, watu wanne, chai na mandazi mezani. Bwana Edgar alikuwa na mvi kidogo, nadhifu vilevile. Alinitambua kabla sijakaa.

"Madam Zuhura! Nilijua Mungu ni mwema. Mama, huyu ndiye aliniandikia ile barua. Mwulize yeye."

Alinitabasamia, na nilielewa tabasamu lile. Alijua ninachokijua, na alijua kwa nini sitakisema.

Mama Selina alishika kalamu, akanigeukia. "Wewe unasemaje, Zuhura? Unamjua?"

Mawazoni nilimwona yule dada wa kila Jumatatu, mkoba mapajani.

"Namjua," nikasema. "Usitie sahihi, Mama. Barua ile niliiandika mimi, na ni ya uongo. Alibadilisha kufuli za wenyewe akawafungia nje miaka miwili na zaidi. Niliandika ili atoke."

Mkurugenzi alisema "Auntie!" kama mtu aliyechomwa. Bwana Edgar hakupandisha sauti hata kidogo. "Basi mwongo ni yeye," akasema. "Mimi sijaandika kitu." Na katika hilo alisema kweli. Alisimama, akachukua barua yake halisi pale mezani, akaikunja mara tatu kwa uangalifu, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Tukasikia geti.

Mama Selina hakunishukuru. Aliweka kalamu chini. "Wenye nyumba ile walirudi kwao?"

"Kaka alirudi. Dada alikufa akingoja."

Kisha akaniuliza jambo ambalo nilikuwa sijajiuliza. "Na kama ile barua ingekuwa ameandika mtu mwingine, na wewe unamjua tu huyu mwanaume, ungesema mapema?"

"Ningesema, Mama. Siku ileile."

"Kwa hivyo siku tatu ulikuwa unajificha wewe, sio kunificha mimi kitu."

Ilikuwa hivyo.

Mkurugenzi aliniachisha kazi Jumatatu iliyofuata, na kwa haki. Wakala asiyeaminika sahihi yake ni wa nini? Alilia kuliko mimi. Miaka yangu miwili ya mwisho niliimalizia kwa kufagia ngazi na kutunza funguo za jengo la vyumba huko Dagoretti, na huko nako nilizihesabu.

Mama Selina, kwa upande wake, aliacha kuamini karatasi. Alivaa viatu vya kutembelea akaenda mwenyewe hadi mtaa alikokuwa akikaa yule mwalimu wa madrasa, akakaa kwa jirani wa kushoto, akanywa chai, akakaa kwa jirani wa kulia, akanywa tena. Akarudi akampa ufunguo. Wako pale hadi leo, na uani kuna kamba mbili za nguo. Ninyi mnaoifanya kazi hii sasa, nawasihi: nendeni mkanywe hiyo chai. Inachukua asubuhi moja tu.

Mimi nimestaafu. Watu hudhani mstaafu amepumzika, lakini wasiwasi wangu haukupata barua ya kustaafu. Nilisema kweli katika sebule moja, mbele ya watu watatu. Barua iliondoka ikiwa ndani ya koti la mwenyewe, na mimi niliitazama ikikunjwa bila kunyoosha mkono kuizuia. Kila nikipita nyumba ya zamani yenye bango la kupangisha, moyo unaruka. Na si hiyo peke yake. Niliandika nyingine kwa watu wengine, za kusindikiza, miaka mingi, na majina yao siyakumbuki.

Sahihi yangu ni Z kubwa yenye mkia unaorudi nyuma, na chini yake jina, Zuhura Abdalla. Mkiiona kwenye barua inayomsifu mpangaji, msiiamini. Nitafuteni kwanza mniulize, maadamu bado nipo.