Ufunguo Usiokuwepo

Mtaani walimwita Msumari, na hawakuwa wamemsingizia. Alikuwa fundi wa makochi, na kwa miaka mingi ya kazi hiyo alizoea kubana misumari midogo katikati ya midomo, akiitoa mmoja mmoja bila kuangalia. Mtu akimsalimia wakati huo alijibiwa kwa nyusi. Wateja wapya walidhani ana kiburi. Wa zamani walijua kwamba hata midomo ikiwa mitupu hasemi mengi, na hayo machache yana ncha.

Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, aliuza mitungi ya gesi, naye wakamwita Mitungi. Hawa wawili walikuwa na gari moja, pikapu kuukuu aliyoiacha baba yao. Marehemu alipoona pumzi inamwishia aliwaita kitandani, akampa kila mmoja ufunguo wake. "Asubuhi gari ni la dada," alisema, "alasiri ni la kaka. Na siku ya kliniki, ni la mama yenu." Mama alikuwa na kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na kila wiki alipelekwa kusafishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Mitungi, kwa kuwa mama aliishi kwake.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka Mitungi aliposema mbele ya ukoo mzima, "Gari ni chombo cha mwanamume. Huyu namwachia asubuhi kwa huruma tu." Ukoo ukacheka. Msumari hakucheka. Wiki ile ile alichukua kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, akavisha paa la ndani la pikapu kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, ili kila kaka yake atakapoketi, kazi ya mkono wa dada yake imkalie juu ya kichwa. Tangu hapo hawakusemeshana.

Vita yao ikahamia kwenye gari lenyewe. Mitungi alikisukuma kiti nyuma mpaka mwisho, Msumari akakirudisha mbele mpaka magoti yaguse usukani. Mitungi aliacha duara za kutu nyuma pale mitungi iliposimama, naye Msumari akaacha misumari. Mmoja akigeuza kioo cha pembeni kitazame mbingu, mwenzake alikigeuza kitazame matope.

Kisha gari likashikwa na wazimu. Waipa zilifagia kioo kikavu jua likiwaka. Ukiwasha indiketa ya kushoto honi inalia, hata kila kona watu wanaruka pembeni na kutukana. Taa ya ndani haikuzimika, na asubuhi betri inakutwa imekufa. Msumari hakuhitaji kuuliza nani kafanya hivyo.

"Ananichokonolea nyaya," alimwambia kila aliyekuja kuketi dukani kwake. "Anataka nichoke, nimwachie."

Maneno yalisafiri kwa midomo ya majirani, na kila mdomo uliongeza chumvi yake. Ajabu ni kwamba upande wa pili haukurudisha neno. Msumari aliuchukua ukimya ule kuwa ndio kukiri.

Siku gari lilipogoma kabisa likiwa na kochi la mteja mgongoni, alilivuta hadi kwa fundi umeme aliyeitwa Rilei, jina alilopewa kwa sababu gari lolote likiletwa, kabla hajaligusa, husema, "Hiyo ni rilei tu," yaani kile kiswichi kidogo cha umeme. Safari hii hakusema hivyo. Alilala chali sakafuni mwa gari, miguu nje ya mlango, akafungua ubao wa chini ya dashibodi, akachomoa boksi jeusi lenye ukubwa wa kitabu.

"Mkubwa wa kaya ndiye huyu," alisema. "Taa, waipa, honi, milango, wote wanangoja amri yake. Sasa mtazame."

Meno ya shaba kwenye soketi yalikuwa yameota kutu ya kijani.

"Maji," Rilei alisema.

"Ya wapi? Huyo bwana si ameliosha kwa mpira wa maji mpaka ndani?"

Rilei alipandisha kidole kutoka soketi, kikafuata alama ya unyevu kando ya nguzo ya kioo, kikasimama kwenye paa.

"Nani kavisha hapa?"

"Mimi."

"Kazi safi. Safi mno. Ukakichomeka kitambaa chini ya mpira wa kioo?"

"Ili ncha isionekane."

"Basi mpira ukanyanyuka, mvua ikapata njia. Kitambaa chako kikayanywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta, kikayateremsha polepole mpaka kwenye boksi. Kikulacho ki nguoni mwako, dada!" Akacheka peke yake, mpaka akakohoa.

Msumari alikitazama kile kitambaa. Alikumbuka alivyokivuta kwa hasira, mkunjo hata mmoja usibaki. Miezi yote ile alikuwa akimtukana kaka yake kwa kosa lililotoka kwenye kidole chake mwenyewe.

"Liweke lingine," alisema.

Rilei alikuwa nalo, alilolitoa kwenye pikapu ya aina ile ile iliyokufa kwa ajali. Alisafisha soketi, akagandisha mpira wa kioo, akafunga boksi la mtumba mahali pake. "Litakuja na tabia za kwao," alionya. "Huko lilikotoka, gari likianza kutembea milango yote ilikuwa inajifunga yenyewe. Hiyo utaizoea. Na hicho kitambaa king'oe, bado kimelowa."

"Nitakiona."

Kisha Rilei akaunganisha mashine yake ndogo, akanyoosha mkono. "Funguo."

Msumari akampa wake.

"Na mwingine?"

"Wa nini?"

"Boksi hili halimjui mtu. Nalifuta, kisha nalifundisha funguo, zote kwa mkupuo mmoja. Ambao haupo leo linausahau. Mlango utafungua, maana huko ni chuma kwa chuma, lakini injini haitakubali. Mwite kaka yako aje."

"Ana kazi."

"Si hapo tu mtaa wa pili? Mpigie."

"Nimesema ana kazi."

Rilei alijifuta mikono kwa tambara, taratibu. "Ndugu wakigombana mimi nashika jembe nikalime. Lakini nauliza mara moja, kesho usije ukasema fundi hakunena. Ni mmoja tu?"

Msumari aliona namna mambo yatakavyokuwa. Kaka yake angekuja. Rilei, ambaye hana siri tumboni, angenyoosha kile kidole kwenye paa na kucheka tena. Mitungi naye angecheka, na jioni ukoo wote ungecheka. Halafu gari lingerudi kuwa la watu wawili.

"Mmoja," alisema.

Mchana aliiegesha pikapu mahali pake pa kila siku, mbele ya karakana yake. Akarudi kwenye kochi alilokuwa akilimalizia, akajaza misumari mdomoni, akageuza kiti chake kitazame nje.

Mitungi alikuja wakati wake. Alifungua mlango, akakisukuma kiti nyuma, akawasha. Injini ilishika, ikavuta pumzi mbili, ikazima. Akawasha tena. Ikazima. Taa nyekundu ilikuwa ikipepesa kwenye dashibodi kama jicho lenye mchanga. Mara ya tatu hakujaribu. Aliingia karakana na ufunguo wake mkononi.

"Umelifanya nini gari?"

Msumari alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kiganjani bila haraka.

"Nimelitengeneza. Honi hailii kwenye kona, waipa zimetulia. Sema asante."

"Mbona linanikataa?"

"Lina boksi jipya. Halikujui."

"Na wewe linakujua?"

"Mimi nilikuwepo."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu msiba. Mitungi aliutazama ufunguo, akaugeuza upande wa pili, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Boksi la zamani liliharibiwa na nini?"

"Si hizo nyaya ulizozichokonoa?"

"Naapa mbele ya kaburi la baba, sijagusa waya."

"Kaburi la baba liache. Uliuchekesha ukoo likiwa bado bichi."

Mitungi alifumbua mdomo, akaufumba. Kulikuwa na neno pale, Msumari aliliona likifika kwenye meno na kurudishwa.

"Leo ni kliniki ya mama," alisema mwishowe.

"Siku za wiki nazijua."

"Unazijua? Umempeleka lini?"

"Alasiri si yako, bwana mkubwa?"

"Haya. Leo nimekuachia yote. Asubuhi, alasiri, na mama." Aliutupa ufunguo kwenye kochi jipya, ukateleza katikati ya matakia. Akaondoka kwa miguu.

Msumari alilazimika kupenyeza mkono mpaka kiwiko ili aupate. Akautia mfukoni mwa aproni, akaendesha hadi nyumbani kwa kaka yake.

Mama alikuwa getini na fimbo yake, mguu umefungwa bendeji.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mimi hapa, mama."

"Nauliza yule aliyesema atakuja."

"Nimekuja mimi. Panda, tutachelewa."

Mama alishika mlango, akaweka mguu mzima ndani, akainua mkono kutafuta pa kushikia. Kiganja kilikandamiza kitambaa cha paa. Alipokishusha kilikuwa kimelowa, kimeshika rangi ya damu ya mzee. Alikitazama.

"Bado kinavuja," alisema.

"Ulijua?"

"Kaka yako aliniambia zamani. Alisema paa linanyonya maji, litaleta balaa. Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie. Nilimwambia, 'Ukisema, atadhani unaiponda kazi yake. Mwache.' Akaacha. Umemtukana mtaa mzima, na bado akaacha." Mama alijifuta kiganja kwenye kanga. "Ufunguo wake uko wapi?"

Msumari aliutoa kwenye aproni.

"Unafanya kazi?"

"Unafungua mlango."

"Sikuuliza hilo."

"Hapana, mama. Haufanyi."

Mama aliteremsha mguu. Aliuchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Mama, kidonda..."

"Kidonda nimekizoea. Mwanangu ataniitia pikipiki. Siku ukiutaka huu, kamwombe yeye, na mimi nikiwa nimeketi hapo nasikia."

"Nikamwombe? Baada ya maneno yake?"

"Baada ya yako."

Alirudi ndani akichechemea, na komeo likalia.

Msumari alikaa pale injini ikinguruma vizuri, kama alivyotaka. Aliuvuta mlango aliouacha mama wazi, akarudisha kiti mbele, akaweka gia. Magurudumu yalipoanza kuzunguka, milango yote miwili ilijifunga yenyewe, tak, hata ule wa upande ambao hapakuwa na mtu.