Nusa, Walaal

Fundi yule wa Garissa hapimi mafuta ya giaboksi injini ikiwa baridi. Huiacha ingurume, akapitisha gia zote polepole, kisha huchomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa cheupe na kumpa mwenye gari kitambaa hicho. "Nusa, walaal," yaani ndugu kwa Kisomali. Shamso, mchuuzi wa maziwa ya ngamia anayeyapeleka kambi ya Hagadera kwa gari lake, siku zote alidhani ni heshima tu. Safari hii alikunja uso.

"Yameungua."

"Basi Hagadera huendi leo. Tunabadilisha."

Nyuma ya fundi, chai ilikuwa imekaukia jikoni, sufuria ikifuka moshi, na pua yake haikumwambia kitu. Shamso aliiepua. Mafuta mapya yalipokwisha kutiwa, alinyoosha mkono kupokea kitambaa amnusie fundi, kabla hajaombwa.