Ekografi ya Shingo ya Mama Riziki

Sababu ya safari ilikuwa shingo ya mke wangu, Mama Riziki. Mifupa ilikuwa inamuuma, mawe ya figo hayamwachi, na munganga wetu, daktari wa hapa kambini Nakivale, alisema damu yake ina chokaa nyingi. Mchawi wa hayo yote alikuwa kijitezi kimoja kati ya vinne vilivyojificha nyuma ya tezi kubwa ya koo, vidogo kama punje za mchele. Ekografi, ile mashini ya kupiga picha za ndani ya mwili, ikikiona, watapasua padogo tu. Isipokiona, watapekua shingo nzima, karibu kabisa na mshipa unaoendesha sauti. Na Mama Riziki ndiye muanzisha nyimbo kanisani.

"Sauti ikipotea, na mimi nimepotea," aliniambia.

Asubuhi tuliondoka kwa pikipiki, yeye amekumbatia dumu la maji. Mama za kanisa walikuwa wamemfunza: "Kunywa mingi, usikojoe, kama sivyo mashini haioni kitu." Wote walishapigwa ekografi ya mimba. Nani angewabishia?

Tulipofika Rwekubo na kupanda gari, dumu lilikuwa nusu. Kutoka hapo kila shimo la barabara lilimtoa machozi.

"Shoferi, pita fasi nzuri, pasipo mashimo!"

"Mama, barabara ndiyo hii."

Mbarara, mlangoni pa hospitali, dumu lilikuwa tupu na mke wangu anatembea kama bibi arusi. Nikamwonyesha choo, akanifokea: "Baba Riziki, unataka banipasue shingo yote?"

Daktari wa ekografi alikulia kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride. "Lala! Shingo juu! Hapana meza mate!" Akampaka mafuta baridi. Mama Riziki akatetemeka mpaka picha ikacheza kiooni.

"Mama, wewe naogopa?"

"Hapana, munganga. Ni mukojo. Nilikunywa maji ya ekografi yote."

Daktari akanigeukia. "Mzee, maji ni ya tumbo! Shingo hapana taka maji. Mama, choo, mbio!"

Loh! Hata siku tulipokimbia vita kule Uvira, sikumwona akikimbia vile.

Aliporudi alilala kimya, mara ya kwanza tangu nimwoe. Kifaa kikapita kulia, hakuna kitu. Kushoto, hakuna kitu. Niliogopa, nasema wazi. Daktari akakandamiza kidogo, akarudi chini, akasimama.

"Hii hapa. Nyeusi kama haragwe. Kushoto, nyuma ya tezi kubwa."

Siku ya kupasuliwa, madaktari walikwenda palepale alipoonyesha, kidonda hakizidi kidole changu cha mwisho. Nikakaa kando ya kitanda nikingoja azinduke. Alifumbua macho, midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Ee Mungu! Akajaribu tena.

"Baba Riziki, shati umevaa kinyume!"

Wodi nzima iligeuka. Nikalia mbele za watu, nikaligeuza.

Nilichojifunza ni kwamba ukitumwa kwenye mashini, muulize munganga kwanza, mama za kanisa baadaye. Wakati wa kurudi, kuanzia Kakoba, kabla hata hatujaiacha Mbarara, mke wangu aliimba bila kupumzika. Shoferi akaniomba, "Mzee, ambia yeye apunguze sauti kidogo."

"Endesha tu, ndugu yangu," nikamwambia. "Hiyo sauti ndiyo tulikuja kuiokoa."