Wilikapu ya Nne

Baba aligoma kupanda gari lake mwenyewe. Harusi ya dada yangu ilikuwa Jumamosi, na dada alitaka kupelekwa kanisani na baba yake katika lile gari la kifahari la Kijerumani nililolifufua kwa miaka katika gereji yangu hapa Mbeya. Mzee akasema hakanyagi ndani mpaka wilikapu ya nne, ule mfuniko wa katikati ya ringi, iwe ya asili. Haoni tena, lakini vidole vyake havidanganyiki. Nilifunga feki, akaipapasa, akasema, "Hili bati la biskuti." Ile ya asili, kwa maelezo yake, ilichomoka barabarani kule Ufipa, upande wa Sumbawanga, enzi akimwendesha tajiri aliyenunua samaki Wampembe. Lile gari tajiri alikuja kumwachia.

Jumatano, rafiki yangu Deo, dereva wa lori anayeishi Sumbawanga, akanitumia picha ya chungu cha pombe kilichofunikwa kwa wilikapu inayong'aa. Nilipiga kelele hadi wateja wakadhani nimebanwa na jeki.

Alhamisi alfajiri nilikuwa ndani ya basi, feki imo begini kwa ajili ya kulinganisha. Tulipopita Tunduma nilikuwa nacheka peke yangu dirishani, na jirani yangu akahamia kiti cha nyuma. Kisha miti ikapungua, nyasi zikatanda, na upepo ukaanza kupenya kila ufa wa dirisha.

Sumbawanga, jioni. Deo alinipokea na koti mkononi, maana kwenye baridi ile shati langu lilikuwa mzaha.

"Mshikaji, kweli umefuata mfuniko?"

"Mfuniko wa mzee."

"Poa. Ila yule bibi mwenye chungu hauzi."

Ijumaa asubuhi tulishika njia ya Namanyere kwa pikipiki yake, tukakunja kwenye kijiji chenye mashamba ya ulezi yaliyokwisha vunwa. Bibi Yustina alikuwa anaanika kimea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pombe bado changa."

Nikaomba nione mfuniko tu. Nilikwangua masizi kwa ndani kwa kucha, na chini yake ikatokea rangi ya krimu, rangi ya gari letu, pamoja na namba iliyogongwa kwenye chuma kama kwenye zile tatu za nyumbani. Ilikuwa nzito, tamu mkononi.

"Bibi, naiomba. Mzee wangu hapandi gari bila hii."

"Na chungu changu nikifunike na kofia yako? Mifuniko ya sufuria yote inatumbukia."

Nikatoa feki begini. Ikakaa kwenye mdomo wa chungu sawasawa. Bibi akaigonga. "Nyepesi. Lakini inang'aa zaidi. Haya, chukua. Ila yule dereva alisema atarudi mwenyewe kuichukua."

"Dereva gani, Bibi?"

"Aliyenipa. Aliichomoa palepale akasema ni zawadi." Akanitazama kichwa pande zote mbili, akaanza kucheka. "Masikio ni hayohayo. Nilimngoja misimu miwili ya ulezi, kisha nikaolewa na mtu wa karibu."

Deo ilibidi akae chini kwa kicheko. Mimi nilicheka njia nzima ya kurudi, na safari hii nadhani basi zima lilinihama.

Jumamosi, uani kwetu, nilimwekea Baba wilikapu mikononi. Vidole vikapita ukingoni, vikasimama kwenye namba. Kisha akaipeleka puani. Niliiosha kwa sabuni mara nyingi, lakini ulezi haukutoka.

"Bado anapika?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado, Baba. Aliolewa na mtu wa karibu."

Akacheka mpaka tai ikapinda. Mama akachungulia kutoka jikoni. "Jamani, mmeipata wapi?"

"Barabarani, Mama. Si ilichomoka?"

Baba akaifunga mwenyewe, akaipiga kwa kiganja, akapanda gari kabla ya bibi harusi. Nami tangu siku hiyo, mteja akiniambia kipuri cha asili kilichomoka njiani, huuliza kwanza dereva alikuwa na umri gani.