Mtambo wa Simu wa Agnes Halloran

Milo Vukovich alikuwa mtu wa kununa tangu ujana, na uzee haukumlainisha. Maisha yake yote alifunga simu za mezani katika mahoteli ya jimbo la Montana, Marekani. Alipostaafu, badala ya kwenda kuvua samaki kama wenzake wa mji wa Butte, akawa anazunguka mji kwa mji kusaka hoteli zilizobaki na mitambo ya zamani ya kuunganishia simu za vyumbani. Akiingia mapokezi hatazami mtu. Jicho linakwenda kwenye simu ya kaunta: umbo la mkonga, safu ya vitufe, taa nyekundu. Hapo hapo anajua ni mtambo gani uko nyuma ya ukuta.

Mwenye ugonjwa huo alikuwa mwingine mmoja tu, Russell Tregear, na Milo alimchukia kama jino bovu. Russell alipiga picha kila alichokiona na kuzitupa mtandaoni.

Baridi ile Milo alikuwa na siri. Katika mji wa Anaconda, kwenye hoteli ya mjane Agnes Halloran, mtambo alioufunga kwa mikono yake akiwa kijana ulikuwa bado unafanya kazi. Kila Jumapili alikwenda pale, akaagiza pai ya nyama, akakaa akisikiliza kengele za mtambo.

Jumapili moja akamkuta Russell kaunta, anapiga picha.

"Umenifuata, mwizi wee!"

"Barabara ya baba yako? Gari lako linavyotoa moshi, hata kipofu angelifuata."

"Futa hiyo picha."

"Sifuti. Au ulitaka uzikwe na mtambo wako?"

Picha ikasambaa. Watu wasiojulikana wakaanza kupiga simu hotelini usiku na mchana, wasikie tu mtambo unavyolia, kisha wakate. Wageni wakakosa usingizi, wakahama. Agnes akaita mafundi waung'oe mtambo.

Milo alipofika, mtambo ulikuwa nje kwenye theluji kando ya pipa la taka, nyaya zimemwagika kama utumbo. Russell alikuwa ameukumbatia, anauburuta kwenye gari lake. Milo alimkamata ukosi, wakaanguka wote wawili, wakagaragazana, wakitukanana kwa pumzi fupi za kizee.

Agnes akatoka na koleo la theluji.

"Tokeni kwangu! Wazee wazima, mnapigania takataka!"

"Agnes, huu niliufunga mimi," Milo alisema, akijifuta damu puani.

"Wewe nyamaza." Akamwelekezea koleo. "Kila Jumapili nakuandalia meza ya dirishani, nakukatia pai mwenyewe. Mjinga mimi nikadhani unakuja kuniona. Kumbe simu!"

Akaingia, akaufunga mlango kwa kishindo.

Hata Russell hakucheka. "Sasa unautaka au huutaki?" aliuliza, mkono ungali juu ya mtambo.

"Chukua ukafie nao!"

Milo akapanda ngazi, akagonga. Nyuma ya kioo Agnes alimtazama kama asiyemjua.

"Tumefunga," alisema, akavuta pazia.

Milo bado anasaka simu, kununa kwake kule kule. Lakini akienda upande ule huzunguka njia ya mbali, nyuma ya milima, asipite Anaconda. Na ukimuuliza kwa nini, atakutukana.