Majina Mawili ya Video Moja

Ule mwaka sisi wa Kitale, watu wa mahindi, tulikula viazi vitamu asubuhi na viazi vitamu jioni, na chai ya rangi. Mvua ilikuwa imeozesha mahindi shambani. Huo ndio mwaka binti yangu alifia hospitali ya Lugulu, akaacha msichana wa miaka minne.

Alikuwa ameolewa Misikhu, na bwanake alikuwa ameshakufa. Siku tatu kabla hajakata roho aliniambia nitoe simu nimrekodi. Akasalimia kanisa, akaimba ubeti mmoja pumzi zikimpotea, halafu akasema wazi: "Mtoto wangu alelewe na mama. Asipelekwe kwa shemeji yangu." Alijua kwa nini. Huyo shemeji, ndugu ya bwanake, nilimwona kwa macho yangu akichapa mtoto wake mwenyewe na waya.

Simu yangu ndogo ilikuwa imejaa. Nikampelekea mjukuu wangu mkubwa, binti ya kijana wangu, anayefanya kazi ya kompyuta Kibomet. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini huyo msichana anaandikia mashine amri na mashine inatii. Nilimtangaza soko nzima. Akahamisha video kwa laptopu yake, akaifuta kwa simu.

Mchungaji alitaka ichezwe mazishini, ila salamu na wimbo peke yake. Maneno ya mtoto, alisema, yangeleta vita kaburini. Mjukuu wangu akasema atakata kipande.

"Na ile yote itabaki?" nikamuuliza.

"Kukhu," akasema, yaani nyanya, "tulia bana. Ziko mbili."

Tukazika. Udongo haujakauka, shemeji akaniambia wiki ijayo wanamchukua mtoto wao. Nikamwambia aje na wazee wake Jumamosi, wamsikie marehemu mwenyewe.

Walikuja. Shemeji alikaa karibu na mlango, haniangalii, ati heshima ya wakwe. Mjukuu akafungua video. Salamu, wimbo, kisha kiza. Akafungua ile nyingine. Salamu, wimbo, kiza. Akarudia ya kwanza, ikaishia pale pale.

"Kukhu, laptopu ilikuwa imejaa," akasema polepole. "Nafasi ya kunakili haikuwepo. Nikaandika programu fupi ya kuambia mashine iipe hiyo video jina la pili. Ukifuta jina moja, video inabaki na lile lingine. Nikadhani hiyo inatosha. Kumbe nilipokata kwa jina la pili, nilikata ile ile."

Nilielewa upesi kuliko wazee. Mtoto wa kwetu ana jina la babu na ana jina la kanisa. Ukimzaba kofi huyu wa kanisa, huyu wa babu hawezi kubaki akicheka. Ni shavu moja. Binti yangu alikuwa amekatwa maneno yake ya mwisho, na aliyekata ni yule niliyekuwa nikijivunia. Sikumtukana.

Shemeji akacheka kidogo. "Si ulisema marehemu ana neno? Ama ameamua kunyamaza?"

Mzee mmoja akasukuma karatasi ya makubaliano mezani, na kisanduku cha wino. "Mama, hakuna mtu anakulaumu. Mtoto ni wa ukoo wake. Weka kidole tumalize, tusichelewe kufika Misikhu."

Mtoto alikuwa nyuma yangu, ameshika leso yangu kwa ngumi. Nilisikia anavyovuta.

"Mtoto haendi, na kidole siweki."

"Mama, sasa ushahidi uko wapi?" akauliza mzee. "Tumeangalia, hakuna. Tukienda kwa chifu utasema nini?"

Nilifunga kile kisanduku cha wino, nikakirudisha upande wake wa meza.

"Mtoto haendi, na kidole siweki."