Madigadi ya Faibaglasi na Sabato ya Fundi

Mimi hukemea watu wanaolipua kazi. Kwa hiyo habari hii naianza kwa kujikemea mwenyewe.

Madigadi ya mbele ya gari langu ilipoliwa na kutu, nilinunua ya faibaglasi nikaibandika kwa gundi juu ya bodi ya chuma, ambayo nilikuwa nimekwisha kuipaka rangi ya kung'aa. Haikumaliza juma. Ijumaa alasiri niliifikisha ikining'inia katika gereji moja ya Suna, kwa fundi wa rika langu. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba kesho yake ningempeleka Homa Bay kumwona dada yake, aliyekuwa mahututi.

Fundi alicheka. "Mwalimu, gundi yako imeshika rangi. Na rangi yenyewe imeshika nini?"

Aliikwangua rangi yangu yote hadi chuma kikawa cheupe, akakikwaruza kwa msasa, akaukwaruza na upande wa ndani wa faibaglasi. Akapaka gundi mpya, akaongeza ribiti chache za kuikaza, zenye washa pana, vile vijisahani vya kutawanya mbano, kwa kuwa faibaglasi ikibanwa mno hupasuka. Kisha akatazama jua, akaanza kufagia.

"Iache ikauke hadi Jumapili. Nami naingia Sabato."

Nilimhubiria kuhusu huruma. Nikataja aya, nikamtaja mama.

"Omera, ndugu yangu, aya hizo nazijua. Ukilitikisa gari sasa, kitu hiki kitachomoka barabarani kimpige mtu wa pikipiki." Akauliza tu mama anaishi wapi. Nilimjibu kwa mkato, nikaondoka nikimhesabu miongoni mwa wenye mioyo migumu.

Jumamosi mchana alisimama mlangoni petu katika suti ya kanisani, gari lake likinguruma nyuma yake.

"Mama yuko tayari?"

"Si ulisema hufanyi kazi leo?"

"Kumtembelea mgonjwa si kazi. Wewe kaa nyuma, Mwalimu. Mbele ni pa mama."

Nilikaa nyuma kimya, ajabu ambayo mama aliitaja mara mbili kabla hatujafika Asumbi. Homa Bay tulimkuta dada yake macho. Walishikana mikono, wakacheka jambo la utotoni ambalo hawakutueleza. Alfajiri ya Jumapili, mgonjwa alifariki.

Kila ninapoliosha gari, hupitisha kidole pale faibaglasi inapokutana na chuma. Hapajaachana hata kidogo, nami hulitamka jina la fundi yule katika sala zangu.